Kuku wa Herieth

Mtaani kwetu Mama Yuliana anaitwa mchoyo, na wanaomwita hivyo si watu wabaya. Wamekaa barazani kwake, wameona kuku wanene wakipita mbele ya miguu yao, wamesikia mwingine akitetea kule nyuma kutangaza kwamba ametaga, kisha wakaletewa maji. Maji ya kunywa, kwenye kikombe cha bati. Padri naye aliletewa maji. Mdogo wake wa kiume, Kasiani, alipokuja kutoka Masasi kumtazama dada yake, alilishwa ugali na mchicha mpaka akaondoka bila kuaga vizuri, na nasikia huko kwao anasema Dar imemharibu dada.

Mimi huwaacha waseme. Ila wakinikuta siku nina hasira, na hasira ninazo za kutosha, huwaambia wakae chini niwasimulie habari za kuku mmoja.

Mimi ni seremala, naitwa Fundi Nalinga, Mmakonde wa Newala, Mwislamu. Nyumba yangu na ya Mama Yuliana zinatenganishwa na ua wa michongoma ambao mbuzi walishautoboa zamani. Tunaishi Kibamba, lakini si ile Kibamba ya barabarani mnayoipita mkienda Morogoro. Yetu ni ya ndani. Ukiacha lami unateremka bonde, unavuka kijito, unapanda tena, na ukiona mihogo imekuwa mingi kuliko nyumba ujue umefika. Kwenye karatasi sisi ni watu wa jiji. Bondeni mwetu kunalimwa mchicha, bamia na nyanya, na kila alfajiri bodaboda hubeba matenga kwenda kulisha watu wa Tegeta na wa Msasani. Aliyelima hurudi nyumbani na sembe. Hata yai, mtu akilipata, hulipeleka dukani akabadili na mafuta ya taa au sukari. Ndivyo tulivyozoea kuishi, na mazoea yana tabu.

Mama Yuliana jina lake la ubatizo ni Filomena. Ni Mmakua, mwanamke mrefu asiyependa kusaidiwa. Yuliana alikuwa binti yake wa pekee. Alifariki akamwachia mama yake kichanga cha kike, Herieth, ambaye baba yake hatukuwahi kuonyeshwa. Bibi akamlea mjukuu kwa uji wa sembe, na sukari ikiwepo. Umri wa kukimbia ulimkuta Herieth hajasimama vizuri. Nywele zilikuwa nyekundu na nyepesi, tumbo limetangulia mbele, na macho yake makubwa yalikuwa yanakufuata bila kuomba kitu. Hilo ndilo lililokuwa likiniumiza. Mtoto asiyelilia chochote ameshakata tamaa, na mtoto hana haki ya kukata tamaa kabla yetu sisi wazee.

Tuna mhudumu wa afya wa mtaa, binti mmoja anaitwa Lusungu, mwembamba, mwendo wa haraka, begi begani. Kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba na kale kautepe ka kupimia mikono ya watoto. Utepe ukisoma kijani, mtoto mzima. Ukisoma njano, mwangalie. Ukisoma nyekundu, mkimbize. Mkono wa Herieth ulisoma nyekundu. Walilazwa, wakapewa dawa na maziwa, wakaruhusiwa, na walipofika nyumbani kilichokuwa kinawasubiri ni ule ule uji mweupe. Lusungu hakulala na jambo hilo. Akaenda kumleta Tayyaba Bandali.

Tayyaba ni mama wa makamo, Mhindi wa Kishia, wa ile familia ya Bandali wenye maduka ya vifaa vya ujenzi mjini. Kiswahili chake ni cha Dar kuliko changu. Yeye na wanawake wenzake wa jumuiya yao walikuwa wanagawa kuku kwa mabibi wanaolea wajukuu, kuku chotara wanaotaga sana. Alifika na kuku watatu ndani ya boksi, akamwamkia Mama Yuliana shikamoo, akavua viatu kabla ya kukanyaga mkeka. Mimi nilikuwa pale kwa sababu ndimi niliyetengeneza banda. Akasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo.

"Bibi, hawa si kuku wako wala si wangu. Ni kuku wa Herieth. Hawauzwi, hawachinjwi. Wakitaga, yai ni lake."

"Nimesikia, mama," akasema Mama Yuliana.

Wanawake wa mtaani walipojua, wakaja na lao. Mtoto mdogo akizoeshwa mayai huwa mwizi, si mnajua? Kwao Masasi husema hivyo, na kwetu Newala pia. Mimi mwenyewe nimekua sijalionja yai mpaka nilipoota ndevu, na bado nimeibiwa mara nyingi kuliko nilivyoiba. Mama Yuliana aliwasikiliza huku anachambua mchicha. Walipomaliza akawajibu, "Akiwa mwizi atakuwa hai." Hawakurudi tena na habari hiyo.

Mdondo ulipopita mtaani uliua kuku wa kila mtu, wangu wote wakiwemo, na wawili wa Herieth. Akabaki mmoja, mwekundu, kishingo, ile aina ambayo shingo haina manyoya hata kidogo. Sura mbaya sijapata kuona. Lakini alikuwa anataga kana kwamba ameambiwa siri ya nyumba ile. Asubuhi akiingia bandani, Herieth anakaa nje ya kimlango nilichokitengeneza, amenyoosha miguu, anasubiri. Kuku akitetea, mtoto anapiga kofi. Bibi analichukua yai lingali la moto, analichemsha, analimenya, anaketi mbele ya mtoto mpaka kiishe kipande cha mwisho.

Neno lake la kwanza lilikuwa "yai." Si bibi, si maji. Na siku moja kuku alichelewa kutaga, basi mtoto akalia. Alilia kwa sauti, kwa hasira, miguu ikipiga chini. Nilikuwa kwangu napiga randa. Nikaiweka chini nikasikiliza, na sioni aibu kusema machozi yalinitoka. Herieth alikuwa anadai chake. Nywele zikaanza kuwa nyeusi kwenye mizizi. Akashika ukuta, akaachia ukuta. Lusungu alipopima, utepe ulitoka kwenye nyekundu ukaingia njano, na kila alivyopita njano ile ilikuwa inasogea. "Bado kidogo tu, bibi," akasema. "Masika haitaisha kabla hajawa kijani. Ila yai lisikosekane hata siku moja."

Hapo ndipo mgeni alipotangazwa.

Lusungu alikuja mbio jioni. Kesho Dada Tayyaba anakuja. Anataka kuwaona watoto, na nyumba atakayofikia ni hii, kwa sababu Herieth ndiye aliyeinuka kuliko wote. Alilisema kama zawadi, na Mama Yuliana alilipokea kama zawadi. Lusungu alipoondoka, yule mama akabaki amesimama katikati ya ua, mikono kiunoni, anatazama alichonacho. Sembe ilikuwepo. Mchicha ulikuwepo.

Mtu wa nje atasema basi si ampe huo ugali na mchicha? Mtu wa nje hajui asemalo. Kwa Wamakua, na kwetu vilevile, mtu aliyekunyooshea mkono mtoto wako akiwa anakufa, akija kwako, hali mboga. Anakula kuku, na kuku huyo awe wako. Ukimlisha cha kuazima umemlisha deni. Na tena tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huwa tunalisema tukicheka, maana siku ya mgeni ndiyo siku nyumba nzima inapoona mnofu. Siku ile halikuwa la kucheka.

Asubuhi aliniita kupitia tundu la ua. Alikuwa amemkumbatia kishingo kifuani, miguu imeshafungwa. Aliniita mimi kwa sababu Tayyaba ni Mwislamu na yeye ni Mkristo, na mtaani kwetu Mkristo mwenye mgeni wa namna hiyo humwita Mwislamu achinje ili mgeni ale bila wasiwasi. Ni jambo zuri. Nimechinja Krismasi na Pasaka za watu mpaka nimezoea, na ujira wa mchinjaji ni shingo.

"Mama Yuliana," nikamwambia, "huyu si ndiye anayetaga?"

"Ndiye."

"Na mtoto?"

"Dada Tayyaba ana kuku wengi, Fundi. Akiona mtoto alivyo, na akiona tumempokea kama watu, ataleta wengine. Asiyejua kupokea hapewi tena. Chinja, mgeni yuko njiani."

"Si alikataza?"

"Alikataza mie kumla. Mie siendi kumla. Anakula yeye."

Msiniulize kwa nini sikukataa. Nyinyi mngekataa? Mtu kasimama mbele yako, amenawa, amevaa kanga yake ya kanisani, anakuomba umsaidie kumheshimu mgeni. Nikapiga bismillahi, nikachinja.

Alimnyonyoa mwenyewe, akampasua mwenyewe. Nilikuwa nafuta kisu nilipomwona mkono umo ndani ya kuku na hautoki. Nikasogea. Aliyewahi kupasua kuku anayetaga anajua kilichomo. Mayai yamejipanga mle ndani kwa zamu. La mbele lilikuwa limeshavaa ganda, tayari, lilikuwa litoke asubuhi ile ile. Nyuma yake kiini kikubwa cha manjano kisicho na ganda, ndicho cha kesho, kisha kidogo kidogo, kisha vidogo zaidi, mpaka vile vya mwisho vidogo kama punje za mtama. Mama Yuliana alivitazama vyote. Alikuwa anaona kifungua kinywa cha mjukuu wake, asubuhi baada ya asubuhi, kimelala pale kwenye sinia.

Lile lenye ganda alilifuta akalificha kwenye pindo la kanga. "Hili la kwake," akasema. Vingine alivitumbukiza chunguni, maana kuku wa mgeni ni wa mgeni na kilichomo ndani yake.

Mtaa ulijua kuna mgeni, nao mtaa ukafanya unavyofanya siku zote. Mmoja alileta mchele, mwingine nazi mbili, mwingine vitunguu na kitambaa cha meza. Na mimi nilileta kiti changu kizuri. Kila mtu alitoa, bila kuombwa, na kwa furaha. Nimekaa nikalifikiria jambo hilo mara nyingi. Kwa ajili ya mgeni mtaa mzima tulichanga kwa asubuhi moja. Kwa ajili ya mtoto yule, tangu mama yake azikwe, hatukuwahi kuchanga hata nazi.

Tayyaba alifika adhuhuri. Herieth alikuwa amevalishwa gauni la njano, akasimama mwenyewe mbele ya mlango, akatembea hatua zake chache mpaka kwenye magoti ya mgeni. Yule mama alimpakata akambusu kichwani, na nilimwona akifuta macho kwa ncha ya mtandio. Alifurahi, tena furaha ya kweli. Akauliza kuku wako wapi.

"Wapo bondeni wanazunguka," akasema Mama Yuliana. "Kuku hawakai, mama."

Chakula kikaja, na juu ya wali wa mgeni imekaa filigisi. Nani hajui filigisi ni ya nani? Ni ya mgeni mkubwa au ya baba mwenye nyumba, haigawanywi. Tayyaba aliona jinsi tulivyosubiri aianze. Akaona na mtoto alivyoikodolea macho, akaimega akampa mkononi.

Mama Yuliana akaitoa mkononi mwa mtoto, taratibu, akairudisha kwenye sahani. "Filigisi si ya mtoto, mama. Ni yako."

Tayyaba alisita. Mtu aliyelelewa vizuri habishani na mwenyeji wake, na yeye alilelewa vizuri. Akaila. Kisha kijiko chake kikakutana na vile viini kwenye mchuzi, akauliza kwa kicheko, "Na haya mazuri hivi ni nini?"

Yeye kuku wake hununuliwa wameshasafishwa. Hakujua, na angejuaje?

"Ni utamu wake tu, mama," akajibu Mama Yuliana. "Kula."

Alikula vyote, kwa sababu kubakiza ni kudharau. Akasema hajawahi kula mchuzi mtamu vile, na aliuliza nani alichinja, nikaonyeshwa mimi, akanishukuru kwa mkono kifuani. Nilikuwa naguguna shingo yangu. Alipoaga alisema akirudi ataleta kuku wengine, wakishapata chanjo na kukomaa. Mama Yuliana akanitazama kwa jicho la ushindi, kwamba unaona, nilikwambia. Tulimsindikiza mpaka kwenye gari. Ilikuwa siku nzuri. Naomba mlijue hilo, kwamba ilikuwa nzuri kweli, na hapakuwa na mtu mbaya pale hata mmoja. Heshima mbili zilikutana kwenye sahani moja, na mtoto akakosa pa kukaa.

Kesho yake Herieth alikula lile yai la kwenye pindo. Keshokutwa yake alikwenda kuketi nje ya kimlango cha banda, akanyoosha miguu, akasubiri. Aliketi mpaka jua likamfikia. Bibi yake akaja kumbeba. Siku iliyofuata akaenda tena.

Kisha masika ikaja kwa fujo. Kijito kilifurika, daraja la magogo likaondoka, na gari la Tayyaba likawa haliwezi kuvuka. Alimpigia Lusungu simu kuuliza hali, Lusungu akapita kwa Mama Yuliana akauliza, "Bibi, mayai yapo?"

"Yapo," akajibu.

Nilikuwepo, nikamfuata jikoni. Nilimwambia, Mama Yuliana, mwambie binti wa watu ukweli, huyo dada anaweza hata kutuma mtu kwa miguu. Aliniangalia kama mtu aliyemtukania wazazi.

"Nimwambie nini, Fundi? Kwamba ulichokula kwangu kilikuwa cha mtoto? Mtu amekuja, amevua viatu, amekula, ameshukuru, halafu mie nimsimange? Kwetu hatusimangi. Mgeni akishakula, imekwisha."

"Basi nimwambie mie."

"Ukimwambia, usinivukie tena huo ua."

Lusungu sikumwambia. Kumsimanga mtu, yaani kumkumbusha ulichomlisha, kwetu ni afadhali uonekane mchawi. Nilipeleka dagaa nilipopata, na maharage kidogo. Mvua ilikuwa imefunga kazi, hakuna aliyetaka mlango wala kitanda, na kwangu nako kulikuwa na midomo. Mtoto akarudi kwenye uji mweupe.

Lusungu alipopima tena, njano ilikuwa imerudi nyuma. Akashangaa. Akauliza tena mayai, akajibiwa tena. Na yeye, masikini, alimwamini mtu mzima, maana amefundishwa asimbishie. Mimi nilimwona Herieth akiacha kwenda bandani. Hakuna aliyemkataza. Aliacha tu. Alikaa ukutani, macho yale makubwa yakarudi yalivyokuwa zamani, yanakufuata bila kuomba kitu. Hapo nilijua.

Kuhara kulianza mvua ikiwa haijakatika. Mtoto mwenye nguvu hupambana na kuhara, tumewaona wengi. Herieth hakuwa na nguvu hiyo. Tulimvusha maji yakiwa kiunoni, mimi nimembeba begani, bibi yake ameshika shati langu kwa nyuma, na ng'ambo tukapata bodaboda. Manesi walifanya kazi yao, siwezi kusema vinginevyo. Alifariki kabla ya jua kuzama, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bibi. Mama Yuliana hakupiga yowe. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, maiti itapitaje kwenye maji.

Tulimzika kando ya kaburi la mama yake.

Maji yalipopungua, Tayyaba alikuja matangani. Alivuka kwa miguu, nguo zimelowa mpaka magotini, akakaa chini kwenye mkeka pamoja na wanawake, akamshika Mama Yuliana mikono, wakalia wote wawili. Mimi nilikuwa pembeni na wanaume, karibu na banda. Nikamsikia akimuuliza Lusungu, kwa uchungu wa kweli, "Lakini alikuwa anakula mayai? Si alikuwa na kuku?"

Nimesema hasira ninazo. Siku ile zilinishinda. Nikasema kutoka nilipokaa, na watu wote wakasikia, "Kuku ulimla wewe, mama. Siku ile. Vile viini ulivyouliza ni nini, ndiyo mayai yenyewe."

Mama Yuliana akainua kichwa. Tangu msiba uingie nilikuwa sijamwona na uso ule.

"Fundi Nalinga," akasema, "usimsimange mgeni wangu. Si kwangu. Si leo."

Nikainamisha uso chini. Tayyaba hakutikisika. Alibaki amemshika Mama Yuliana mikono.

"Kwa nini hukuniambia, bibi?"

"Ningekwambia, ungekula?"

"Nisingekula."

"Basi."

Tayyaba akalaza kichwa chake kwenye bega la Mama Yuliana, na Mama Yuliana, aliyefiwa, ndiye aliyekuwa anambembeleza mwenzake. Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba yangu. Nilikuwa nimesema kweli, na kweli ile haikumfaa mtu yeyote.

Baada ya arobaini Tayyaba alirudi na boksi la kuku. Mama Yuliana hakutaka hata kuliangalia. Kuku wa nani, aliuliza, wakati mwenyewe hayupo? Tayyaba aliliacha boksi barazani akaenda zake. Asubuhi nikasikia kuku anatetea. Nikachungulia kwenye tundu la ua. Mama Yuliana alikuwa amesimama mbele ya banda, yai mkononi, na hakujua alipeleke wapi. Alisimama vile muda mrefu. Kisha mtoto wa jirani wa chini, kitoto kimoja cha macho makubwa, kikapita kikiburuta kamba. Akakiita.

Tangu hapo ndivyo ilivyo. Lusungu humletea wale ambao utepe wao umesoma njano. Wanaketi nje ya kimlango, miguu wamenyoosha, wanasubiri. Anachemsha, anamenya, anaketi mbele ya kila mmoja mpaka kipande cha mwisho. Haongei nao sana. Hajawahi kumpakata hata mmoja. Lakini wanapona, nimewaona kwa macho yangu wakitoka kwenye njano, wakikua, wakinirushia mawe kwenye bati langu. Na kuku wale hawauzwi, hawachinjwi, hata aje nani. Padri alipata maji. Kasiani alipata mchicha. Mtaani wakamwita mchoyo, naye anajua, na inamuuma, maana ni mwanamke aliyefunzwa na mama yake kwamba nyumba isiyomlisha mgeni ni pango.

Juzi Tayyaba alikuja tena. Wanawake wawili watatu walijisogeza barazani waone, kwa sababu walisema sasa tutaona, huyu hawezi kumpa maji. Nami nilikuwepo, nimekuja kurekebisha bawaba ya banda. Kuku walikuwa wamejaa uani, wanene, wanapita juu ya miguu ya mgeni.

Mama Yuliana aliingia ndani. Alikaa humo muda. Akatoka na kikombe cha bati, amekishika kwa mikono miwili.

"Leo sina cha kukupa, mama," akasema. "Nina maji tu."

Alipolisema hilo machozi yalikuwa yanamtiririka, kwa aibu, mbele ya watu, mwanamke mrefu yule. Tayyaba akasimama. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili vilevile, akanywa taratibu, akanywa yote, mpaka tukasikia bati likigonga meno yake. Akamrudishia.

"Nimeshiba, bibi," akasema.

Kule nyuma kuku akatetea. Mama Yuliana akajifuta uso kwa kanga, akaenda kulichukua yai, maana watoto walikuwa wameshaketi.